Bunduki ya Kwanza ya Mpwa Wako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uwindaji wa Kulungu Marekani

Kila Agosti, majani yakiwa bado mabichi, simu huanza kulia. Mtoto wa dada amefikisha miaka kumi au kumi na miwili, wenzake shuleni wanahadithiana habari za kulungu, naye anataka kwenda porini. Wazazi wake walikulia Kigoma, Bukavu au Nakuru, na bunduki wameiona mikononi mwa askari tu. Basi anatafutwa mjomba au shangazi aliyewahi kuwinda. Nimekuwa mjomba huyo mara kadhaa, na maswali huwa yale yale.

## Ya mwanzo

Kulungu huyu ni yupi hasa?

Ni kulungu wa mkia mweupe, anayepatikana karibu kila jimbo la mashariki na katikati ya Marekani. Akishtuka huinua mkia, na chini yake kuna weupe unaowaka kama leso. Dume mkubwa wa majimbo ya kaskazini anaweza kupita kilo 100. Wa kusini ni mdogo zaidi, na majike ni wadogo kuliko madume. Huyu si pofu wala nyati. Ngozi yake ni nyembamba na mbavu zake si nene, kwa hiyo hahitaji bunduki ya kuangushia tembo. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yanayofuata yamejibika.

Kwetu kuwinda ni kosa. Huku kunaruhusiwa kweli?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania unaruhusiwa kwa leseni, kwa hiyo naelewa wasiwasi. Marekani kila jimbo lina idara yake ya wanyamapori inayopanga msimu, idadi ya wanyama na aina ya silaha. Ukiwa na leseni na ukafuata msimu, ni jambo la kawaida kama kuvua samaki. Pennsylvania shule nyingi zimezoea kufunga Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani kwa sababu ya kulungu. Na tangu sheria ya mwaka 1937, bunduki ndefu na risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11 unaokwenda kutunza wanyamapori. Hata hiyo utakayonunua imo.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Sheria zinatofautiana sana. Texas haina umri wa chini, ila mtoto asiye na cheti cha kozi ya usalama huwinda pamoja na mtu mzima mwenye leseni. Wisconsin iliondoa umri wa chini mwaka 2017 kwa watoto wanaowinda na msimamizi aliye karibu nao kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Kwingine utaambiwa miaka kumi au kumi na miwili.

Mimi siangalii cheti cha kuzaliwa peke yake. Namwambia mtoto "simama" mara moja. Akisimama papo hapo, tunaendelea kuzungumza. Anayehitaji kuambiwa mara tatu, hata akiwa na miaka kumi na tano, angoje mwaka mwingine.

Kozi ya usalama ni lazima?

Majimbo karibu yote yanaidai, ingawa mengi yana mpango wa kumruhusu mtoto awinde kwanza chini ya msimamizi. Texas inamhusu yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971, na mtoto anaweza kupata cheti akiwa na miaka tisa. Tafadhali kasome naye, hata kama wewe umesamehewa kwa umri. Wajomba wengi tumejifunza huko mambo tuliyojifanya tunayajua.

## Kaliba na teke

Ninunue kaliba gani, yaani risasi ya ukubwa gani?

Ukinishika kola na kutaka jibu moja, nitakwambia .243 Winchester. Ilitoka mwaka 1955 kwa kubana shingo ya ganda la .308, na tangu hapo imewafundisha kuwinda watoto wa vizazi vitatu. Teke lake, yaani msukumo wa kitako begani unapofyatua, ni takriban nusu ya lile la .308, risasi zake zinapatikana hata kwenye duka dogo la kijijini, na kulungu haitofautishi na kaliba kubwa ikimpata mahali pake.

Baada yake nazipenda 7mm-08 Remington na 6.5 Creedmoor, ambayo ilitoka mwaka 2007. Zinapiga teke zaidi kidogo, na zinafaa kijana mwenye umbo au anayetarajia kuwinda wanyama wakubwa zaidi baadaye. .308 yenyewe ni nzuri kwa kijana wa miaka kumi na tano au sita aliyekwisha kuzoea. Kaliba za magnum, zile zenye baruti nyingi na teke kali, kama .300 Winchester Magnum, ziondoe kabisa kwenye orodha.

.243 si ndogo mno? Nimesikia inajeruhi tu.

Mara nyingi lawama ni ya risasi iliyotiwa. .243 huuzwa na risasi nyepesi za greni 55 hadi 75 ambazo nyingi zimetengenezwa kwa wanyama wadogo. Zikigonga hupasuka juu juu, na kulungu anakimbia na kidonda kibaya. Wewe tafuta boksi lililoandikwa kuwa ni la kulungu, lenye risasi ya greni 95 au 100, yaani kama gramu sita na nusu. Soma boksi kabla ya kulipa, maana dukani huwekwa rafu moja.

Nyumbani ipo .30-06 nzuri. Kwa nini nisimpe hiyo?

Nilifanya hivyo. Mpwa wangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba kama ufito, nami nikampa .30-06 yangu kwa sababu ilikuwa bure. Risasi ya kwanza ilimsogeza kwenye kiti. Ya pili akafumba macho kabla ya kufyatua. Ya tatu ilienda nisikokujua, naye akasema kwa adabu kwamba bega limechoka. Ilichukua mwaka mzima na maelfu ya risasi ndogo za .22 kumwondolea kule kufumba macho.

Kama huna njia ila hiyo hiyo, ziko risasi zilizopunguzwa nguvu kwa .30-06, .308 na .270, kwa mfano Hornady Custom Lite. Zinasaidia kweli. Lakini urefu wa kitako hautapungua kwa kubadili risasi. Tazama sehemu ya "Kumkaa mwilini".

Kwa nini teke mnalipa uzito hivyo? Si atazoea?

Wengi hawazoei, wanajificha tu. Mwili ukishajua kwamba maumivu yanakuja, unajikaza nusu sekunde kabla ya mlio, na mtutu unainama. Mtoto haoni, na wewe pia huoni, kwa sababu teke linafunika kila kitu.

Jaribio ni rahisi. Mkiwa uwanja wa shabaha, mpakilie wewe bunduki bila yeye kuona, mara ganda la kufanyia mazoezi, mara risasi ya kweli, ukichanganya. Akifyatua ganda tupu na mtutu ukachota chini, teke limeshamwingia. Simamisha siku hiyo, rudini kwenye .22.

Jirani anasema kaliba hizi haziruhusiwi jimboni kwetu. Ni kweli?

Inawezekana kabisa. Majimbo tambarare yenye mashamba na nyumba nyingi hayapendi risasi zinazosafiri mbali. Ohio, Indiana, Iowa na kusini mwa Michigan kwa miaka mingi zilitaka shotigani, kisha zikafungua mlango kwa risasi zenye ganda lililonyooka lisilobanwa shingo, na kila moja ina masharti yake. Kwa kazi hiyo ndiyo ikatengenezwa .350 Legend mwaka 2019. Teke lake ni la upole na inamfaa mtoto vizuri kwa masafa mafupi. Massachusetts hairuhusu kabisa bunduki za mtutu wenye mifuo (rifle) kwa kulungu, ni shotigani, gobore au upinde. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni cha mwaka huu cha jimbo lako kabla hujafungua pochi.

## Kumkaa mwilini

Nitajuaje kwamba inamtosha?

Kipimo ni umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Bunduki ya mtu mzima huwa na inchi 13.5 hivi au zaidi. Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na mitatu mara nyingi anahitaji 12 au 12.5. Dukani, bunduki ikiwa imehakikishwa ni tupu, mwambie akunje kiwiko na kukilaza kitako kwenye kikunjo cha mkono. Kidole chake kifike kwenye kifyatulio bila kunyooshwa. Kisha ailete begani macho yakiwa yamefumbwa, ayafumbue. Akiiona darubini yote bila kurefusha shingo kama kobe, inamkaa.

Nenda na koti lake la baridi. Kipimo cha Agosti akiwa na fulana hakifanani na cha Novemba.

Si bora ninunue ya mtu mzima akue nayo?

Hii ndiyo akili ya sare ya shule: mama ananunua shati la namba mbili mbele, mikono inakunjwa, mtoto anakua nalo mpaka darasa la saba. Kwa shati ni busara. Kwa bunduki, kitako kirefu kinamfanya aegemee nyuma, kitako kinakaa kwenye mkono badala ya bega, na teke linampata vibaya. Kisha anakosa, kisha anachukia.

Na siku hizi huna haja ya kuchagua. Mossberg Patriot Super Bantam inakuja na kipande cha kuongeza kitako, kutoka inchi 12 hadi 13. Ruger American na Savage Axis nazo zina matoleo mafupi.

Nyepesi ndiyo nzuri kwa mtoto?

Kwa kubeba, ndiyo. Kwa kufyatua, hapana: bunduki nyepesi hurusha teke kali zaidi kwa risasi ile ile. Ratili sita na nusu hadi saba na nusu pamoja na darubini ni kipimo kizuri. Na kama safari ni ndefu, ibebe wewe.

Anaandika kwa kulia lakini analenga kwa jicho la kushoto. Je?

Mwambie anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kwa viganja, na atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo. Afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo linalotawala. Likiwa la kushoto, na bado hajafyatua risasi hata moja, mimi humwanzisha bega la kushoto na bunduki ya mshoto. Aliyekwisha kuzoea kulia asisumbuliwe, afumbe tu jicho la kushoto akitumia darubini.

## Aina ya bunduki na vikorombwezo

Boliti, leva au ya risasi moja?

Boliti, ile yenye mpini unaovutwa nyuma na kusukumwa mbele kwa mkono kila risasi. Ni rahisi kuona kama imepakiwa au ni tupu, na lazima mtoto afanye kitendo cha makusudi kabla ya risasi ya pili.

Ya risasi moja inayokunjika katikati ni nafuu na inafundisha utulivu, lakini nyingi ni nyepesi (tazama swali la uzito hapo juu) na ina nyundo ya kuvutwa kwa dole gumba. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, na leva za kizamani, zinazopakiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio, ni vile vile. Kulungu akiondoka kabla ya kupigwa, mtoto inabidi aishushe nyundo taratibu juu ya risasi iliyo hai, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ikimponyoka, inalia. Nusu-otomatiki zina teke dogo, ila Pennsylvania kwa mfano haziruhusiwi kwa kulungu, na kwa mwanafunzi risasi ya pili isije kwa urahisi.

Darubini ya namna gani?

Ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha maisha yake yote. Jambo la kuangalia ni nafasi kati ya jicho na kioo: iwe inchi tatu na nusu au zaidi, la sivyo teke litamchora nusu mwezi juu ya nyusi. Porini iachwe kwenye namba ya chini kabisa. Watoto hupenda kuizungusha mpaka 9, kulungu akitokea karibu wanaona manyoya tu.

Niandae pesa ngapi?

Bunduki mpya ya boliti ya kuanzia, dola 400 hadi 600 hivi, nyingine zikiwa na darubini juu yake. Usisahau risasi za mazoezi, vikinga masikio, kufuli na leseni. Ukipungukiwa, punguza kwenye bunduki. Usipunguze kwenye risasi za mazoezi.

## Sheria na karatasi

Naweza kumnunulia kama zawadi?

Ndiyo, kwa pesa zako mwenyewe. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo fomu ya 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, unaijaza wewe na historia yako ndiyo inayokaguliwa. Wazazi wakubali kwanza, na jimbo lako likubali pia, maana mengine yanadai kibali cha ziada. Illinois ina kadi yake ya FOID. Mimi hupendelea bunduki ibaki yangu au ya mzazi mpaka mtoto atimize miaka 18. Ni "yake" kwa jina, na kufuli ni langu.

Dada anataka kunitumia pesa nimnunulie yeye. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski, mtu wa Virginia aliyekuwa polisi, aliyemnunulia mjomba au ami yake wa Pennsylvania bastola kwa pesa za huyo mzee. (Kiingereza hakitofautishi hao wawili, nasi tusimbebeshe udugu asiokuwa nao.) Wote wawili waliruhusiwa kumiliki silaha, na bado alipatikana na hatia. Dada aende dukani mwenyewe, ukae pembeni umtafsirie.

Mpwa yuko jimbo jingine. Nimpelekee?

Usimkabidhi moja kwa moja iwe yake. Ipitie kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lake, na mzazi aichukue hapo. Kumwazima kwa muda akija kuwinda nawe ni jambo jingine, na sheria ya serikali kuu inaliruhusu.

Mimi si raia. Naruhusiwa hata kuishika?

Inategemea karatasi zako. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua, akionyesha namba yake ya uhamiaji na uthibitisho wa makazi. Wakimbizi waliopokelewa rasmi hawamo katika katazo la wenye visa za muda. Mwenye visa ya muda, kama mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani. Apate leseni kwanza, aguse bunduki baadaye. Asiye na karatasi kabisa amekatazwa, hata kuibeba kwa dakika moja.

Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya kijani. Ukiwa na shaka yoyote, au una kesi ya zamani ya ugomvi wa nyumbani, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kwenda dukani.

## Mazoezi na siku yenyewe

Aanze vipi?

Kwa .22, kiangazi kizima. Teke hakuna, risasi ni rahisi, na mazoea yote ya mikono yanajengeka hapo. .22 yenyewe hairuhusiwi kwa kulungu karibu kila mahali, iwe ya mazoezi tu. Ikija bunduki kubwa, risasi kumi kwa siku zinatosha. Mtoto aondoke uwanjani akitamani nyingine. Akiweza kuziweka tatu mfululizo ndani ya kisahani cha chai kwa yadi 100, akiwa ameketi na kuegemeza bunduki, yuko tayari kwa yadi 100. Kama anaweza kwa 60 tu, basi kikomo chake msitu mzima ni 60.

Masikio yanahitaji kinga kwa risasi moja tu porini?

Ndiyo. Mlio hupita desibeli 140, na kinachopotea hakirudi. Uwanjani avae vizibo na vifuniko pamoja, kwa sababu mlio nao humtia woga. Kifaa cha kupunguza teke mdomoni mwa mtutu kinaongeza kelele, kwa hiyo simtilii mtoto.

Alenge wapi?

Kulungu akiwa amesimama ubavu, nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua, kwenye mapafu na moyo. Si kichwa, si shingo, na asifyatue kulungu akiwa amemgeukia au anakimbia. Baada ya risasi kulungu anaweza kukimbia mita mia, kwa hiyo msimkimbilie. Kaeni nusu saa, mtoto akitetemeka mwacheni atetemeke, kisha mfuate damu.

Tunakaa kwenye ulingo juu ya mti. Kuna la ziada?

Mkanda wa usalama ufungwe kabla miguu haijaacha ardhi, na bunduki ipandishwe kwa kamba ikiwa tupu. Kwa mwaka wa kwanza napendelea kibanda cha chini, tukae bega kwa bega. Mavazi ya rangi ya machungwa inayong'aa yafuate kanuni za jimbo. Pennsylvania inadai inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni katika msimu wa bunduki.

## Yanayoulizwa mwishoni, mara nyingi kwa sauti ya chini

Nyama ya kulungu aliyepigwa risasi ni halali kwa Mwislamu?

Wanazuoni wengi wa sasa wanairuhusu: mwindaji asome bismillahi anapofyatua, risasi itoboe, na mkimkuta bado ana uhai mmchinje. Mtoto aliyefikia kupambanua mambo anaweza kuwinda. Ila familia nyingine hufuata shehe mwenye msimamo mkali zaidi, muulizeni wenu kabla ya msimu, isije nyama ikajaa friza na bibi hagusi.

Nyama ni salama kwa watoto wadogo?

Mambo mawili. Risasi za madini ya risasi huacha vipande vidogo kuzunguka kidonda, kwa hiyo kata na utupe kwa ukarimu, au tumia risasi za shaba. California inadai zisizo na madini hayo tangu 2019. La pili ni ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Hakuna mtu aliyethibitika kuupata, lakini katika maeneo yenye ugonjwa mamlaka za afya zinashauri kulungu apimwe na nyama yenye ugonjwa isiliwe. Kugawia majirani ruksa. Kuwauzia kwa kawaida ni kosa.

Ihifadhiwe wapi nyumbani?

Kwenye kabati la chuma lenye kufuli, tupu, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine, ufunguo usijulikane na mtoto. Nyumba zetu zina wageni wengi, na watoto wa wageni hufungua kila mlango.

Kulungu alitokea, mtoto akakataa kufyatua. Nimkemee?

La. Mwambie amefanya vizuri kutofyatua asipokuwa tayari, mnywe chai ya chupa, mrudi nyumbani. Wengine huomba kurudi mwaka unaofuata, wengine huwa wapishi wazuri wa nyama hiyo. Bunduki za kaliba za kawaida huuzika bila shida.

Akikua, bunduki fupi itafaa nini?

Ongeza vipande vya kitako, au nunua kitako kirefu cha modeli hiyo hiyo. Watu wazima wengi huendelea na .243 maisha yao yote. Ile tuliyomnunulia mpwa wangu baada ya .30-06 kumshinda, sasa ni ya mdogo wake wa kike. Tulitoa kipande kimoja cha kitako, tukairudisha ilivyokuwa.